Kupe Wenye Rangi ya Kucha

Jumatatu, 3 Machi

Pazia amepunguza maziwa tena. Zamani ndoo ilikuwa inajaa. Leo imefika katikati ikagoma. Na si maziwa tu. Manyoya yamesimama kama ya mbwa aliyenyeshewa, na kila nikimfunga anajisugua kwenye nguzo mpaka banda zima linalia.

Nikamchungulia masikioni. Kupe! Wamejipanga kama punje kwenye gunzi la mahindi. Wengine wamevimba, wakubwa kama maharage.

Sasa, wametoka wapi? Mimi sifugi kupe. Nafuga ng'ombe, tena mmoja.

Nikanyanyua macho, nikauona uzio. Ng'ambo ya uzio anaishi shemeji, kaka yake mke wangu. Mtaa mzima humwita Bwana Sabuni, kwa sababu huosha hata visivyooshwa: kamba, jembe, mawe ya kukanyagia mlangoni. Naye ana ng'ombe mmoja, Shwari. Pazia na Shwari ni ndugu wa tumbo moja. Mama mkwe alimpa kila mwanawe mtamba siku ileile, mbele ya watu. Leo Shwari anang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Pazia wangu ni kama zulia lililosahaulika kwenye mvua. Mama mmoja! Maji ya bomba moja!

Na shemeji alikuwa amesimama pale pale anakung'uta gunia. Juu ya uzio. Upepo ukivuma kuja kwangu.

Akaniona, akanisalimu kwa bashasha, akauliza kama Pazia hajambo. Mtu asiye na lake jambo haulizii ng'ombe wa mwenzake.

Mke wangu anasema nimpulizie Pazia dawa. Nilishampulizia! Kizibo kimoja cha dawa kwa ndoo nzima ya maji. Kopo linasema vizibo vitatu, lakini hayo maneno ya kopo yameandikwa na nani? Si wauza makopo? Akauliza mbona nilipulizia mgongoni tu. Nikamwambia maji huteremka yenyewe, hata mtoto anajua.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Anakuja Jumapili. Amebakiwa na mtamba mmoja, mdogo wao Pazia na Shwari, na sasa magoti yanamkatalia kwenda kukata majani. Mtamba huyo atampa mwanawe atakayemkuta ametunza ng'ombe vizuri. Atatazama kwa macho yake, amesema. Hataki kusimuliwa.

Nikaweka chini saa ya mteja niliyokuwa naifungua. Kumbe! Kumbe ndiyo maana ya gunia! Shemeji ni kifungua mimba, simu za mama yake humfikia kwanza. Amejua habari ya mtamba kabla yangu, akaanza kunirushia kupe ili Pazia achakae. Mambo yote yamejipanga kama meno ya gurudumu la saa.

Nikamweleza mke wangu. Akaendelea kukata vitunguu. Kisha akasema, "Baba Pacha, kikulacho ki nguoni mwako."

Hata yeye ameliona! Kaka yake wa damu! Maana nguoni mwetu kuna nani kama si yeye? Nikamshukuru kwa ujasiri. Akanitazama kitambo, akasema alikuwa na maana ya kwamba nikapime dawa sawasawa. Ameogopa kumtaja tu. Damu nzito.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya upelelezi. Nimefunga kibanda changu cha saa mapema, nikapanda juu ya pipa nyuma ya banda. Naona kila kitu.

Shemeji amemfunga Shwari kwenye kigingi. Anaanza masikioni: anachungulia ndani kama mtu aliyedondosha funguo. Kisha kwapani. Kisha chini ya kiwele. Kisha (uniwie radhi, shajara) anainua mkia na kutazama huko nako, kwa utulivu, kama mtu anayesoma gazeti. Kila mara anachomoa kitu kidogo na kukitumbukiza kwenye kopo. Kopo lina kifuniko!

Kifuniko cha nini? Unafunika kitu usichotaka kitoroke. Na hutaki kitoroke kwa sababu unakihitaji. Anakusanya silaha!

Nikajinyoosha nione zaidi. Pipa likaniuza. Nikatua ndani ya birika la maji ya ng'ombe, makalio kwanza. Shemeji akauliza kutoka ng'ambo kama kuna usalama. Nikajibu naoga. Akasema ni vyema, shemeji, mwili kuoga. Hebu sikia dharau hiyo!

Jioni nimeamua kutoboa tundu kwenye uzio ili nichungulie nikiwa nimesimama ardhini kama binadamu. Nilitaka tundu la jicho. Panga likateleza. Limetoka tundu la kichwa. Si neno, nitaona zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!

Shida yangu ilikuwa ushahidi. Kupe wangu na kupe wake wanafanana, hakuna mahakama itakayowatofautisha. Basi nitawatia alama walio kwa Pazia, wote. Baada ya hapo, kupe yeyote nitakayemkuta hana alama ni mgeni. Ametoka ng'ambo. Kesi imekwisha.

Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, ile nyekundu. Lenzi yangu ya jichoni. Kibano cha saa. Mtu aliyezoea kushika skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi hashindwi na kupe. Asubuhi nzima nimeketi shingoni kwa Pazia: tone moja, mgongo mmoja. Wale wakubwa walitulia kama wateja wa saluni. Walionitesa ni wadogo wa kahawia waliojificha ndani kabisa ya masikio, maana wengine hutembea. Wamekuja wateja wawili kuulizia saa zao, wakanikuta nimeingia nusu kwenye sikio la ng'ombe, wakasema watarudi siku nyingine.

Nilipomaliza nikasogea nyuma nitazame. Pazia alipendeza, kusema haki. Kama amevaa hereni.

Mke wangu akauliza kitu kimoja. Ikiwa nimewashika wote kwa kibano, mmoja baada ya mwingine, kwa nini sikuwang'oa hapo hapo nikawachoma moto? Nikamweleza, kwa upole, kwamba ushahidi hauchomwi.

Akauliza tena, rangi yake imebaki kiasi gani. Nikakumbuka nina kazi kibandani.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nimemkagua Pazia asubuhi. Kupe wasio na rangi, tele! Kwapani, kwenye kiwele, chini ya mkia. Mke wangu anasema huko sikupaka jana. Ni kweli sikupaka, kwa sababu hawakuwepo. Anasema sikutazama. Sasa nitazame nini na hawakuwepo?

Lakini kuna jambo linanikera. Adhuhuri nimemkuta Pazia amepitisha kichwa kwenye tundu langu, ameegemea shingo ya Shwari, sikio kwa sikio. Wananong'onezana. Nikamvuta kwa kamba akaja shingo upande. Amekataa pumba. Machozi yanamtiririka. Amesimama kainamisha kichwa kama mtu anayejutia jambo.

Nikamwambia waziwazi: Pazia, kama wamekurubuni huko, sema sasa. Akakohoa.

Nahisi anaigiza. Ng'ombe wa kukaguliwa kesho kutwa, leo ndiyo anaumwa? Kafundishwa na nani?

Mke wangu ametaka kumwita daktari wa mifugo. Nimekataa kata kata. Mama yule, Daktari Mabuti (namwita hivyo kwa sababu ya mabuti yake ya mpira yanayofika magotini), ni mtu wa shemeji. Nimewaona mimi mwenyewe wakicheka kwenye josho. Kwenye josho kuna kinyesi, kupe waliokufa na harufu ya dawa. Watu wazima wanachekea nini hapo? Akija hapa, mama mkwe atajua kabla jua halijatua.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mke wangu akasema.

Nikamjibu methali hiyo ni ya watu. Ng'ombe hawahusiki.

Jumamosi, 8 Machi

Pazia amelala. Hanyanyuki.

Nimemvuta, nimemsukuma, nimemsemesha. Hacheui. Pumzi zake fupi fupi. Pua imekauka, sikio lina moto kama pasi. Nilikuja na maneno makali ya kumwambia juu ya uigizaji wake. Yakaniishia yote mdomoni. Huyu ng'ombe aliletwa hapa akiwa hajui kupanda kizingiti cha banda. Mimi ndiye niliyempandisha, mguu mmoja mmoja. Sasa ananitazama kama hanijui.

Nikakimbilia ndani nikamwambia mke wangu ampigie daktari. Akasema alishampigia tangu alfajiri. Geti likalia. Daktari Mabuti huyo, amepakiwa kwenye pikipiki ya shemeji.

Ya shemeji! Wamepangaje? Mke wangu akasema mtaani hapa mwenye pikipiki ni nani mwingine. Mwanamke huyu ana jibu la kila kitu.

Daktari akaweka kipimajoto kunakohusika. Akakisoma. Akapapasa chini ya masikio na mbele ya mabega. Kisha akaushika mkono wangu akauweka hapo. Tezi ngumu, kubwa kama mayai. Mimi jana niliziona nikadhani amenona. Akasema ni ndigana, homa inayoletwa na wale kupe wadogo wa kahawia wa masikioni. Damu, akasema, ndiyo wanayonyonya, na ugonjwa ndio wanaoacha. Halafu akapindua sikio. Akalisogeza kwenye mwanga.

"Hawa wamepakwa nini?"

Nikasema labda ni jamii yao.

"Ni rangi yangu ya kucha, daktari," mke wangu akasema.

Shemeji akageuka akatazama ukutani. Mabega yake yakawa yanatikisika. Sijui alikuwa analia nini.

Daktari akauliza dawa napulizia ipi, na kwa kipimo gani. Nikasema kama kopo linavyoelekeza. Mke wangu akasema kizibo kimoja kwa ndoo nzima, tena mgongoni tu. Ndoa ni kitu kizito, shajara. Daktari akasema dawa iliyochujuka haiui kupe, inawakomaza. Wanaizoea kama mlevi anavyozoea pombe, halafu hata ukiweka kipimo kamili hawashtuki. Na kupe hakai mgongoni. Anakaa kwenye ngozi laini, ndani ya masikio, kwapani, kwenye kiwele, chini ya mkia.

Chini ya mkia! Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake.

Pazia akachomwa sindano. Daktari akasema angechelewa kuitwa, tungekuwa tunazungumzia bei ya ngozi. Muda wote huo shemeji alikuwa amekipakata kichwa cha Pazia, anamfuta machozi kwa leso yake nyeupe. Ile leso! Sijawahi kumwona akiichafua hata kwa jasho lake.

Walipoondoka nilibaki bandani. Nikamletea maji. Nikamtafutia majani laini, moja moja, nikamwekea mdomoni. Moja akalitafuna. Sikulia. Ni moshi wa jiko. Jiko letu lilikuwa halijawashwa, lakini majirani nao hupika.

Daktari ameagiza maziwa ya Pazia yasinywewe kwa siku kadhaa, kwa sababu ya dawa. Yasinywewe na nani? Yaende wapi? Nilimsindikiza mpaka barabarani nikitazama mkoba wake. Hakuwa na chupa. Leo.

Jumapili, 9 Machi

Pazia amesimama! Miguu inamtetemeka, lakini amesimama, na anacheua. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile ya kutafuna.

Hata hivyo, kukaguliwa ni kukaguliwa. Nikamsogeza kwenye kona yenye giza nikamfunika blanketi mpaka shingoni. Mpango: kama akiulizwa, ana mafua, yasije yakamwambukiza mama mkwe. 

Mama mkwe akafika na mtamba wake kwenye gari la kukodi. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamkaribisha kiti, nikamwambia chai iko tayari. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja bandani, akavuta blanketi kama mtu anayefunua sufuria. Akamgeuza Pazia kope la chini, akatazama weupe wake. Akapitisha kidole kwenye mbavu. Akakifuta kidole kwenye blanketi.

Tukavuka sote kwenda kwa shemeji. Shwari katokeza, kang'aa. Nikajua mtamba amekwenda. Shemeji akaanza kumwonyesha mama yake anavyokagua masikio kila siku. Akaingiza vidole viwili. Akachomoa kupe mmoja mdogo.

Mwekundu. Mwekundu kabisa!

Furaha ilinipanda mpaka utosini. Nikapaza sauti kabla akili haijavaa viatu: huo ndio ushahidi! Mama, huyo namjua! Nimempaka mimi! Wote wenye rangi ni wangu, wametoka kwa Pazia, nimewatia alama mmoja mmoja kwa mkono wangu!

Jogoo wa mtu aliwika mbali huko.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema polepole, "huyu ametoka kwako, akaja kwa mwanangu."

Nikahesabu kwa vidole: kutoka kwangu, kwenda kwake.

Shemeji akaliangalia tundu la uzio, akaniangalia mimi, akamtumbukiza kupe kwenye lile kopo lake. Lina mafuta ya taa ndani. Ndimo anamowaulia. Akasema tu, "Shemeji, ungeniambia una kupe." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira.

Mama mkwe akasema amefuga tangu hajaolewa, ameona kupe wa kila namna, ila kupe aliyejipodoa ndiyo kwanza. Hapo mke wangu akashindwa kujizuia. Na daktari, aliyekuwa amekuja kumtazama Pazia, akashindwa. Na shemeji. Mtamba naye akalia mbuu!

Hukumu. Mtamba ni wa binti yake, yaani mke wangu, kwa sababu ndiye aliyemwita daktari wakati wengine wanachora picha. Lakini atalala kwa kaka yake mpaka masikio ya Pazia yatakapokuwa safi. Tundu lizibwe leo. Majani marefu ya kando ya uzio yafyekwe, maana humo ndimo kupe hungojea mnyama apite. Ng'ombe wote wapuliziwe siku moja, pande zote mbili za uzio, na watakaopulizia ni mke wangu na shemeji. 

Nikauliza, na mimi?

Wewe utashika kamba, mama mkwe akasema.

Kwa hesabu yangu huo ni ushindi. Mtamba ameingia kwenye ukoo wangu. Sehemu.

Jumanne, 18 Machi

Pazia amepona. Ndoo imejaa leo mpaka ukingoni. Manyoya yamelala. Nimemtafuta kupe kwa lenzi, sikio kwa sikio. Hakuna hata wa dawa.

Nimetafakari sana juu ya hili nikiwa nashika kamba. Nilipokuwa napulizia mimi, kupe hawakutikisika. Tangu shemeji ashike bomba, wametoweka kama walioitwa. Mke wangu anasema ni kipimo: vizibo vitatu, na kuloweshwa kila mahali. Anaona la juu juu. Mimi najiuliza: wadudu hawa wanamsikiliza kwa nini? Kama hakuwa bwana wao, wangemtii? Mchawi mpe mtoto amlee. Hatimaye nimempa, na angalia mtoto anavyonawiri!

Sijamwambia mtu. Naweka akiba.

Daktari Mabuti naye ameanza mapya. Amekuja leo, akasema kwa kuwa Pazia alidhoofika ni vizuri apimwe na minyoo, kwa sababu minyoo haionekani kama kupe. Inakula ndani kimya kimya. Nimpelekee kinyesi kibichi kwenye kopo safi, atakitazama kwa darubini atafute mayai.

Kinyesi! Cha ng'ombe wangu! Kwa darubini!

Nikamuuliza kwa nini asichukue kinyesi kingine, mbona kipo kila mahali. Akacheka. Hapo ndipo nikajua kuna jambo. Kinyesi ni historia ya mnyama. Kitamwonyesha namlisha nini, kiasi gani, kutoka wapi. Na akikuta yai moja tu, mama mkwe atapigiwa simu, na mtamba hatavuka uzio mpaka nizeeke.

Hapana. Watapata kinyesi. Lakini hawatapata cha Pazia.

Jumatano, 19 Machi

Kazi safi. Shemeji alikuwa mbele ya nyumba anaosha pikipiki (anaosha na tairi kwa mswaki). Nikapitia nyuma. Shwari alikuwa amesimama tu. Sikungoja sana, akainua mkia, akatoa bila kuombwa, cha moto kabisa. Ng'ombe mkarimu, hana roho ya bwana wake. Mtamba alikuwa ananitazama. Nikamfanyia ishara ya kunyamaza.

Nikajaza kopo, nikalifunika, nikaandika juu yake PAZIA. Kinyesi cha ng'ombe anayekaguliwa mpaka chini ya mkia kitakuwa na nini? Hakina kitu. Tutafaulu kwa alama za juu.

Daktari amelipokea kwa mikono miwili. Amesema mimi ndiye mfugaji wa kwanza mwezi huu kuleta kibichi namna hii. Akanisifu! Kidogo nimwonee huruma.

Jumatatu, 24 Machi

Minyoo!

Minyoo ya ini! Daktari amekuja mwenyewe na chupa ya dawa. Amesema mayai yake ameyaona mengi. Hutokea kwa ng'ombe anayelishwa penye majimaji, kwenye mitaro na madimbwi, kwa sababu wadudu hao hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, halafu hujibandika kwenye majani, na ng'ombe huyala.

Konokono! Sasa hata konokono wameingia kwenye njama!

Akatuachia dawa, akaeleza kipimo chake, akasema Pazia asifungwe tena mtaroni. Akaenda.

Mke wangu alikuwa ameshika chupa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Pazia hajawahi kukanyaga mtaroni. Anakula bandani, majani tunakata sisi huku juu pakavu. Anayefungwa mtaroni kila mchana ni Shwari.

Nikatazama dari. Ina buibui, lazima nije nimtoe.

Akanishikisha chupa mkononi. "Baba Pacha, mpelekee mwenye kinyesi."

Nikaenda. Njia ile ni fupi, ila leo ilikuwa ndefu. Na katikati yake furaha ikaanza kunitekenya. Maana elewa, shajara: Bwana Sabuni ana minyoo! Yeye, mwosha mawe! Anakagua nje kila siku, ndani mna karamu! Nilitaka kupanda juu ya paa niutangazie mtaa. Lakini ningesema nimejuaje?

Nikamwambia hivi: nimekuwa nikimtazama Shwari kwa mbali, kwa jicho la ufundi, na nina wasiwasi na ini lake. Huko mtaroni kuna konokono. Nimekuletea dawa, shemeji, kati ya watu wa nyumba moja hakuna hesabu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akamfunua Shwari kope; pamepauka kweli, hata mimi nikashtuka, maana nilikuwa nasema tu. Akasema kabla ya kunywesha ampigie daktari athibitishe kipimo. Jasho likanitoka mpaka soksini. Alipiga akiwa amenipa mgongo. Nikasikia sauti ya daktari upande wa pili, maneno sikuyasikia, kisha kicheko kirefu kilichofanya shemeji aisogeze simu mbali na sikio.

Akarudi, uso umetulia kama maji ya mtungi. Tukamnywesha Shwari pamoja, yeye kashika kichwa, mimi chupa. Kiasi kikamwagikia shati langu, akaniletea sabuni. Akasema kuanzia kesho mtaroni basi, majani atakata pakavu kama sisi. Kisha akanishika bega. "Asante, shemeji. Umemwokoa ng'ombe wangu."

Asante!

Nimekaa na neno hilo tangu mchana. Nimeligeuza huku na huku. Mtu umemwambukiza kupe, umemwibia kinyesi, yeye anakushukuru? Hakufoka. Hakunicheka. Akanikaribisha chai, akanipa na mayai ya kumpelekea dada yake, akanisindikiza mpaka getini kwangu. Hakuna binadamu anayemsindikiza mwenzake bure.

Na pale getini alisimama kidogo, akatazama uani kwangu, akasema nina kuku wazuri.

Kesho asubuhi nawahesabu.